Aliyefungwa na Uraibu Zaidi ya Mmoja: Vipi Atafute Msaada?

Tumeulizwa na baadhi ya wanaohudhuria darasa letu suala ambalo twaona jawabu yake yawahusu watu wengi wa miji yetu ya pwani, kwa hiyo tumependelea kuliandika hapa. Suala lenyewe ni hili:

Kijana wa Kiislamu avuta unga, ala miraa na muguka, ameza vidonge vya usingizi, na sigara haimtoki mkononi. Amejaribu kuacha mara nyingi na kila mara hurejea. Sasa ataka msaada kwa dhati ya moyo wake. Je, aanze wapi? Aache kimoja kimoja au vyote kwa pamoja? Na ile dawa ya methadoni inayotolewa hospitali, ni halali kwake, au ni kutoka katika ulevi mmoja kuingia katika wa pili?

Twasema, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu: suala hili lina mambo kadha ndani yake, na mtu akijibu moja akayaacha mengine huenda akamdhuru muulizaji. Kwa hiyo tutayachukua moja baada ya moja.

La kwanza: uraibu ni maasi au ni maradhi?

Wazee wetu walipotaja uraibu walikusudia tambuu na tumbaku, vitu vya kumkirimu mgeni barazani. Leo neno limepanuka, limekuwa jina la kila kilichomtawala mtu hata akawa hana hiari nacho. Na katika kupanuka huko mna funzo, kwani hapana aliyeamka siku moja akajiona ni teja. Kila mmoja alianza na kitu alichokidhania kidogo, na mara nyingi alipewa na rafiki.

Kuna wasemao kuwa jambo hili ni maasi tu, na dawa yake ni bakora na mawaidha. Na kuna wasemao kuwa ni maradhi tu, kwa hiyo mtu hana lawama yoyote. Sisi twaona kila upande umeshika nusu ya khabari. Mwanzo wa jambo ulikuwa kwa hiari ya mtu, na kwa hiari hiyo ataulizwa. Lakini ulevi ukidumu hugeuza utendaji wa ubongo. Ile sehemu inayompa mtu raha kwa chakula, kwa usingizi na kwa kuwa pamoja na jamaa zake huzoea kuchochewa na ulevi kwa nguvu isiyo ya kawaida, mpaka vitu vya halali havimpi ladha tena. Hapo mtu hatumii ili afurahi, hutumia ili asiumwe. Na maumivu hayo, ambayo vijana huyaita arosto, si uwongo wala si uvivu.

Mfano wake ni mtu aliyechezea moto akaungua. Amekosea, naam, lakini akifikishwa hospitali jeraha lake halitibiwi kwa lawama. Litatibiwa kwanza, na nasaha zitakuja kwa wakati wake.

La pili: kwa nini uraibu huja kwa makundi?

Tazama siku moja ya kijana huyu. Baada ya alasiri ala muguka, na muguka una kitu kinachoamsha mwili na kufukuza usingizi. Anapotafuna, ataka sigara. Usiku ukifika macho hayafungi, basi ameza vidonge ambavyo vijana huviita bugizi, au anywa mnazi, ili apate kulala. Asubuhi ameamka mzito, mifupa yauma, basi atafuta kete ya unga. Na pengine unga wenyewe huuchanganya na bangi katika msokoto mmoja. Kila kimoja chaita chenziwe. Mtu aonaye kuwa ana maradhi manne, kwa hakika ana maradhi moja yenye milango minne.

Kwa hivyo, mwenye kufunga mlango mmoja na kuiacha mingine wazi hajatoka katika hatari. Ushahidi wa haya twaliuona hapa hapa pwani. Mwezi wa Disemba 2010 na Januari 2011 unga uliadimika katika miji yetu. Lau kukosekana kwa unga peke yake kungekuwa ni tiba, watu wengi wangalipona katika siku zile. Lakini waliumwa sana, na wengi wakaingia katika vidonge, pombe na kila walichokipata, maana mfa maji hukamata maji. Unga ulipopatikana tena, uliwakuta wateja wake wakiungoja. Tena mwezi wa Mei 2024 serikali za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na shauri likafika mahakamani. Hatusemi kwamba kuzuia bidhaa ni vibaya, kwani kuziba njia za ufisadi ni katika kanuni za sharia yetu. Twasema kwamba kuzuia bidhaa hakutoshi, maadamu aliyekwisha fungwa hakupewa wa kumfungua.

La tatu: aache vyote kwa mara moja?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa la hapa huua. Nia ya kuacha vyote ni wajibu juu yake tangu leo, na haifai kuakhirisha tauba. Lakini namna ya kuviacha si moja kwa kila kitu.

Mwenye kuacha unga huanza kuumwa baada ya saa 8 mpaka 24: makamasi, jasho, tumbo kukata, mifupa kuuma, kutapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito zaidi, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Ni mateso makubwa, ila aghalabu hayaui, akipewa maji na kuangaliwa vizuri.

Mwenye kuacha pombe ya kila siku, au vidonge vya usingizi alivyovizoea kwa muda mrefu, khabari yake ni nyingine. Akikata ghafla huenda akapatwa na kifafa, akachanganyikiwa akili, hata akafa. Kwa pombe hatari hii huja katika siku mbili tatu za mwanzo. Kwa vidonge huenda ikachelewa zaidi. Kwa hiyo mzazi anayemfungia mwanawe chumbani, au anayempeleka kufungwa minyororo kwa mtu asiyejua utabibu, asidhani kuwa amefanya hima. Huenda akafungua mlango akakuta maiti. Mtu wa namna hii apelekwe kwa daktari, apunguziwe kwa kiasi na kwa siku.

Wala upole huu si jambo geni katika dini. Pombe yenyewe haikuharamishwa kwa siku moja. Iliteremka kwanza aya ya kubainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha watu wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, na mwisho ikaja amri ya kuiepuka kabisa. Sharia imekamilika, na hapana ruhusa leo ya kurejea nyuma. Ila hekima ya kuwachukua watu kwa daraja yabaki kuwa somo kwa kila mwenye kulea na kutibu.

La nne: methadoni

Methadoni ni dawa ya jamii moja na unga kwa asili yake, lakini haifanyi kazi namna moja. Unga hupanda kichwani kwa ghafla na kuisha kwa saa chache, kwa hiyo mtumiaji hana pumziko; mchana kutwa afikiri kete ijayo na pesa za kuinunulia. Methadoni hunywewa, huingia mwilini polepole na hukaa kiasi cha siku nzima. Ikipimwa sawasawa humwondolea mtu arosto bila ya kumlevya, akapata kulala, kula, kufanya kazi na kusali kwa akili zake. Tena haihitaji sindano, na sindano za kushirikiana ndizo zilizoeneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini miongoni mwa vijana wetu. Shirika la Afya la Dunia liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2005. Kenya ilianza kuitoa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, ikafika Malindi mwaka 2015, na baadaye Kisauni.

Ama hukumu yake, tumewasikia watu wakisema barazani kuwa ni ulevi wa serikali. Twamwambia mwenye kusema hivyo: rejea kwa wanavyuoni wa madhehebu yako. Imamu Ibn Hajar al-Haytami, mwenye kitabu cha Tuhfa ambacho Mashafii wengi wakitegemea, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa khabari ya mtu aliyepatwa na msiba wa kula afyuni, akawa katika hali ambayo asipoila ataangamia. Alijibu kuwa ikijulikana hivyo kwa yakini, ni halali kwake, bali ni wajibu, ili ahifadhi roho yake, kama ilivyo nyamafu kwa aliyedharurika. Kisha akamwajibisha apunguze kidogo kidogo mpaka mwili usiidai tena. Na akiacha kupunguza basi ni mwenye dhambi. Fatwa hii waliipokea pia Mahanafi, na Ibn Abidin ameinukuu katika kitabu chake.

Tazama, msomaji, namna mwanachuoni huyo alivyoliona jambo hili kiasi cha miaka 450 iliyopita, hali hapakuwa na hospitali ya methadoni. Ikiwa afyuni yenyewe imeruhusiwa kwa sharti hizo, basi dawa iliyopimwa, inayotolewa na tabibu, isiyomwondoa mtu akilini, ina haki zaidi ya kuruhusiwa. Ila sharti zishikwe: asiitumie kwa kujistarehesha, asiiuze, asizidishe kipimo, na aifuate amri ya daktari katika kupunguza. Wengine watahitaji miezi, na wengine miaka. Haraka ya jirani si sharti katika sharia.

Na wanaouliza juu ya saumu, twaona hivi: kuimeza dawa mchana kwafunguza. Basi amuulize tabibu kama yawezekana kuinywa baada ya magharibi. Ikiwa haiwezekani, yeye ni mgonjwa miongoni mwa wagonjwa, ana ruhusa yake, na atalipa atakapoweza. Asiiache dawa kwa kuona haya mbele za watu wa nyumbani akaja kuangukia unga siku ya tatu ya Ramadhani.

La tano: amwambie nani, na amwambie nini?

Muulizaji aliuliza: aanze wapi? Jawabu ni aanze kwa kusema kweli, na kweli hiyo aiseme yote kwa tabibu. Tumefahamu kuwa wengi huenda hospitali wakataja unga na kuficha vidonge, au wakataja pombe na kuficha unga, kwa haya. Haya hii ni ya hatari. Methadoni ikikutana mwilini na bugizi au pombe, vyote hupunguza pumzi, na mtu huenda akalala asiamke. Tabibu asiyejua hawezi kumhifadhi.

Pengine atasema: “Tumefundishwa kujisitiri, vipi nitangaze maovu yangu?” Twamjibu kuwa kilichokatazwa ni kujitangaza kwa kujifakhiri. Ama kumwambia tabibu kwa haja ya tiba, hukumu yake ni kama hukumu ya kumfunulia tabibu uchi palipo na dharura. Faradhi ya siri sasa iko juu ya tabibu.

Wa pili wa kumwambia ni mtu mmoja wa nyumbani, aliye mpole kuliko wote, hata kama si mkubwa kuliko wote. Na wa tatu ni mtu aliyepita njia hiyo akatoka. Huyu ana elimu ambayo sisi wenye vitabu hatunayo. Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walikutana walevi wawili, mmoja mfanyabiashara wa hisa na wa pili ni daktari, wakaona kwamba kila mmoja huweza kujizuia pombe anapomsaidia mwenzake. Kutokana na hao pakatokea vikundi vya watu wanaokaa pamoja na kusaidiana bila ya kutajana majina nje. Mwaka 1953 huko California vikaanza vingine kwa ajili ya watumiaji wa madawa, na hivi havimuulizi mtu ametumia kitu gani. Huuangalia uraibu wenyewe kuwa ndio adui. Kwa mwenye uraibu mwingi mtazamo huu wafaa sana. Wala hatuoni ubaya kuchukua lililo jema kwa wengine, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Na hapa kwetu hakukosekani milango ya kubisha. Mombasa wako MEWA, jumuiya ya Waislamu iliyoanza kwa mambo ya elimu katika miaka ya 1980 kisha ikaingia katika kuwatibu waraibu. Na uko Reachout. Malindi uko Mradi wa Omari, ulioanza katika miaka ya 1990. Na asiyejua pa kwenda aweza kupiga simu 1192 ya NACADA bila ya malipo. Wanawake pia wamo katika msiba huu, na wao hufichwa zaidi kwa kuogopa aibu ya nyumba. Aibu kubwa kuliko zote ni kumzika binti aliyekuwa aweza kupona.

La sita: wajibu wa jamaa na wa msikiti

Katika hadithi sahihi Mtume (S.A.W.) alisimulia khabari ya mtu wa umma uliopita aliyeua watu 99. Alimwendea mchaji mmoja asiye na elimu akamuuliza kama ana tauba. Yule akamwambia hana, basi akamuua naye wakatimia 100. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni, naye akamwambia kuwa hapana kizuizi baina yake na tauba, ila aihame nchi yake ya uovu aende nchi ya watu wema akamuabudu Mungu pamoja nao. Akafa njiani, na malaika wa rehema wakamchukua.

Katika hadithi hii kuna mafunzo mawili yanayotuhusu sisi kuliko yanavyomhusu kijana. La kwanza ni kuwa jawabu ya kukatisha tamaa, hata ikitoka kwa mwenye kuabudu sana, huongeza madhara. La pili ni kuwa mwanachuoni hakumwambia tu “tubu”. Alimwambia pa kwenda na wa kukaa nao. Basi kijana anapotoka maskani kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, sisi twampokea wapi? Akija msikitini watu wahamisha viatu vyao. Akitafuta kazi ya kupakua mizigo aambiwa ni mwizi. Baada ya wiki mbili hupakumbuka mahali pamoja tu ambapo jina lake huitwa kwa furaha, napo ni kule kule alikotoka.

Twawausia jamaa mambo machache. Msimpe pesa mkononi, bali mpeni chakula, nauli ya hospitali na mtu wa kwenda naye. Msimtie ndani ya ndoa kama tiba, mkamtwika binti wa watu mzigo ulioishinda nyumba yenu. Msimpe dawa za mtu mwingine. Na mjue dalili za aliyezidisha: pumzi chache, mkoromo usio wa kawaida, midomo kugeuka rangi, haamki akitikiswa. Huyo mlazeni ubavu, msimmiminie maziwa wala maji kinywani, mkimbizeni hospitali, kwani iko dawa iitwayo naloksoni inayorejesha pumzi ikiwahi.

La saba: akianguka tena

Wengi huanguka kabla ya kusimama moja kwa moja, na mwenye milango minne ana pa kuangukia pengi. Ajue kwanza jambo la kuokoa roho: mwili uliokaa wiki kadha bila ya unga, gerezani au katika tiba, umepoteza uzoevu wake. Kile kiasi alichokuwa akikitumia zamani sasa chaweza kumuua. Basi akianguka asijifiche peke yake, na arejee kwa tabibu siku ile ile.

Kisha asikate tamaa. Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwako mtu akiletwa mara kwa mara kwa sababu ya pombe, akipewa adhabu yake. Siku moja mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, na akamshuhudilia kuwa yuampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa, na pombe haikuhalalishwa. Lakini mlango wa udugu haukufungwa. Nani katika sisi aliye na haki ya kuufunga?

Kwa ufupi, jawabu yetu kwa muulizaji ni hii. Atie nia ya kuacha vyote leo. Asikate pombe wala vidonge peke yake bila ya tabibu. Amtajie tabibu kila anachotumia bila ya kubakisha. Akiandikiwa methadoni ainywe kwa amri na bila ya wasiwasi. Atafute watu wa kukaa nao jioni, kwa sababu jioni ndiyo saa yake ya hatari. Sigara na muguka asivisahau eti kwa kuwa ni vidogo, kwani ndivyo vilivyomfungulia njia. Na asali kwa kadiri awezavyo hata kabla hajapona, asingoje atakate kwanza ndipo aje kwenye maji.

Na nyinyi wasomaji, kila mmoja wenu amjua kijana mmoja wa namna hii kwa jina la baba yake. Kabla ya Ijumaa ijayo mwendeeni, mmsalimu kwa jina lake, mmuulize kama yuataka kupelekwa. Akisema hapana, mwacheni kwa wema, mrejee tena.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awafungulie waliofungwa, na atujaalie sisi kuwa njia ya kutoka kwao wala si kizuizi. Amin.